Daftari la Tumbo

Msomaji, kabla sijakupeleka mbali, nianzie nyumbani.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka kwa mvua. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Dada yangu alikuwa akiishi Katesh, akiuza mboga. Yeye na mwanawe wa miaka sita walipona. Nyumba haikupona. Wakarudi kwetu Nangwa, kwa mama yetu, ambaye mtoto anamwita bibi. Mwezi uliofuata mtoto akaandikishwa darasa la kwanza, na hapo ndipo tumbo lilipoanza.

Linauma asubuhi. Ukimwuliza wapi, anaweka kiganja kizima kitovuni. Saa moja analia, saa nne yuko uani anacheza chandimu kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini siku ambayo wingu limekalia mlima, basi, siku hiyo hata kunyanyuka kitandani hanyanyuki.

Tulifanya yale ambayo kila ukoo hufanya. Dawa ya minyoo, mara ya kwanza, mara ya pili. Bibi akasema ni mchango, akachemsha mizizi. Kituo kimoja wakasema taifodi, kingine wakasema UTI, cha tatu wakasema vidonda vya tumbo, na kila jina lilikuja na bei yake. Dada akauza mbuzi wawili. Mimi nilikuja likizo kutoka Dar es Salaam, na nilipomwona mtoto amejikunja huku sare ya shule imetundikwa msumarini, nikamwambia neno ambalo leo naona haya kuliandika: “Acha kudeka, bwana. Huumwi wewe.”

Neno hilo sikulitunga mimi. Nililiokota shuleni. Nilipokuwa darasa la tatu, miaka ya tisini, tumbo liliniuma kila Jumatatu, siku ya hesabu za kichwa. Mwalimu mmoja alikuwa akiniita mbele na kuwaambia wenzangu wamtazame mtoto mwenye tumbo la uongo. Halafu fimbo mbili. Tumbo halikupona, ila nilijifunza kunyamaza nalo. Kumbe kitu ulichonyamaza nacho unaweza kuja kumrithisha mtoto wa mwenzio.

Mwezi wa sita dada akakutana na tabibu mmoja kijana ambaye hakukimbilia kuandika vipimo. Alimpima mtoto uzito na urefu, akatazama kadi ya kliniki, akambonyeza tumbo taratibu. Akauliza: Je, amepungua? Anatapika? Kuna damu kwenye choo? Homa? Maumivu yanamwamsha usiku? Yote hapana. Kisha akasema: “Dada, kanunue daftari dogo la shule. Kila siku andika tumbo limeuma saa ngapi, kala nini, kaenda choo au hakwenda, kalalaje, na siku hiyo kumetokea nini. Niletee baada ya mwezi.” Dada alirudi amekasirika. Kaenda kutafuta dawa, kapewa kazi ya darasani!

Daftari hilo ndilo lililoniandikisha makala hii. Waganga wa hospitali wana msemo wao, “kuchukua historia ya mgonjwa.” Mimi ninayejidai kupenda historia sikuwahi kulisikia neno hilo vizuri. Nilidhani historia ni ya machifu, vita na mikataba. Nikajiuliza: je, tumbo la mtoto nalo lina historia? Na kabla ya dada yangu, nani mwingine alilifungulia tumbo daftari?

Wa kwanza niliyemkuta yuko mbali nasi. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko kaskazini mwa Marekani, kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi William Beaumont akamtibu. Akapona, lakini kidonda kiliacha tundu lililoingia hadi ndani ya tumbo. Beaumont akaanza kufunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akivishusha kwenye tundu na kuvivuta tena, huku akiandika saa na dakika. Mwaka 1833 alichapa kitabu chenye majaribio 238. Humo aliandika pia kwamba St. Martin akikasirika, usagaji wa chakula unavurugika. Fikiria: hasira iko kichwani, lakini mtu anaiona kwa macho yake ikifanya kazi tumboni. Hata hivyo nikisoma habari za watu hao wawili nasikia kitu kinakosekana. Daftari la Beaumont limejaa tumbo, lakini halina mtu. Kwa nini yule kibarua alikasirika? Alikuwa masikini, hajui kusoma, anaajiriwa atundikwe nyama tumboni kwa uzi. Mimi pia ningekasirika.

Mwaka 1899, Waingereza wawili, Bayliss na Starling, walionyesha jambo jingine. Utumbo ukikatiwa mishipa ya fahamu inayotoka nje, bado unasukuma chakula wenyewe. Maana yake utumbo una mishipa yake ya fahamu. Leo tunajua ukuta wake una chembe za fahamu zaidi ya milioni 100. Kati ya utumbo na ubongo kuna njia, na kubwa katika hizo ni mshipa uitwao vagasi, ambao nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka chini kwenda juu. Tumbo linazungumza na kichwa kutwa kucha. Kwa kawaida hatusikii, kama redio ya jirani iliyofunguliwa chini chini. Mtoto akipata hofu, au akiugua vibaya, au akikaa siku nyingi bila kwenda choo, sauti ya redio ile hupandishwa. Hewa kidogo tu, au utumbo kujisukuma kama unavyojisukuma kila siku, kwake ni maumivu. Si maumivu ya kuigiza. Ni sauti iliyopandishwa.

Tena wazee wetu hawakusubiri kuambiwa. Mtu mwenye kichefuchefu husema “roho inanichafuka.” Maneno makali huwa “yanakata maini.” Magazeti yakiandika kwamba vigogo wako “matumbo joto,” hakuna anayekwenda kuwapimia choo. Kiswahili kilikwisha kuunganisha tumbo na moyo zamani. Sisi tuliokwenda shule ndio tuliotenganisha, tukampeleka mtoto mlango mmoja kwa ajili ya tumbo, na kwa ajili ya hofu yake hatukumpeleka mlango wowote.

Mfano mkubwa zaidi ya tumbo la mpwa wangu uko hapa hapa Tanzania. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko kisichozuilika, kinachochanganyika na kilio. Kikaenea. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip walitafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta vijidudu, hawakupata. Taarifa yao ilitoka mwaka 1963. Dunia imekuwa ikikicheka kisa hicho hadi leo, eti “ugonjwa wa kucheka.” Mimi sicheki. Naona wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya kanuni kali, katika nchi inayobadilika kwa kasi, na miili yao ikasema kile ambacho midomo haikuruhusiwa kusema. Kipimo kikirudi hakina kitu, hiyo haimaanishi kwamba mtoto hana kitu.

Kuhusu tumbo lenyewe, aliyelifungulia daftari la watoto ni daktari wa Bristol, Uingereza, aitwaye John Apley. Mwaka 1958, yeye na mwenzake Naish walitangaza walichokiona kwa watoto 1,000 wa shule za kawaida. Walihesabu yule tu ambaye tumbo lilimuuma angalau mara tatu katika miezi mitatu, kwa ukali wa kumzuia shughuli zake. Wakakuta ni karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Wengi wao hawakuwa na kidonda wala uvimbe. Apley alitoa pia kanuni ambayo waganga huikumbuka hadi leo: kadiri maumivu yanavyokaa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa ugonjwa wa kiungo unavyoongezeka. Niliposoma hapo nilikiona kiganja cha mpwa wangu, kizima, kitovuni.

Mmoja katika kumi! Darasa la watoto 60 lina sita kama yeye. Katika darasa letu la tatu sikuwa peke yangu, ila mimi ndiye niliyeitwa mbele.

Ilichukua muda mrefu matatizo haya kupata jina lisilotukana. Mwaka 2016, wataalamu wanaoandaa vigezo vinavyobeba jina la mji wa Roma walikubaliana kuyaita matatizo ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Jina ni refu, lakini halisemi kwamba mtoto ni mwongo. Na tiba yake hailali mkononi mwa mtu mmoja. Daktari anahakikisha hakuna ugonjwa mwingine. Mtu wa lishe anatazama chakula na maji. Mwanasaikolojia anamfundisha mtoto kupumua, kuitambua hofu, kurudi taratibu kwenye mambo anayoyakimbia. Mwalimu anampokea darasani hata akija na maumivu. Mzazi anaacha kuuliza kila nusu saa “bado linauma?”, maana swali lenyewe linapandisha redio.

Utasema, hayo ni ya hospitali za Ulaya. Huku Nangwa mwanasaikolojia wa watoto utampata wapi? Mimi pia nilisema hivyo. Mama akanisahihisha.

“Wewe hukuwapo,” alisema. “Tulikaa chini ya mti na redio.” Alikuwa anazungumzia Mtu ni Afya, kampeni ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakisikiliza vipindi vya Radio Tanzania, wakisoma vitabu vidogo vya Kiswahili kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Tazama waliokuwa kwenye duara lile: mwalimu, mganga, mtangazaji, baba mwenye jembe, mama mwenye mtoto mgongoni. Huko vyuoni sasa wanaiita huduma ya taaluma nyingi. Sisi tuliiita kikundi. Walilishughulikia tumbo kwa pamoja, na walifanya kazi kubwa. Lakini miaka hiyo hiyo, 1973 hadi 1976, ilikuwa pia miaka ya Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakihamishwa, na hofu ya mtoto aliyeamka kwenye kijiji asichokijua haikuwa na kitabu chake kidogo. Duara lilikuwa zuri. Swali moja ndilo lililokosekana.

Swali hilo lilikuja kuulizwa jirani yetu kabisa. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 na misheni ya Kilutheri ya Norway, na baadaye ikawa ya KKKT. Kuanzia mwaka 2009 ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti ulioitwa MAL-ED, pamoja na vituo vya Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini. Mara mbili kwa wiki mtu mwenye daftari alibisha hodi nyumbani kwa mtoto: ameharisha? amekula nini? Kila mwezi walimpima uzito na urefu, wakachukua choo chake. Na hawakuishia tumboni. Walitazama namna anavyocheza, anavyotamka, hali ya mama yake, hali ya nyumba. Mwaka 2018 watafiti hao walitoa picha yao: akili ya mtoto mdogo hujengwa au hubomolewa na magonjwa, chakula, vijidudu vya utumbo na mazingira ya nyumbani, vyote vikishikana mikono.

Msomaji makini atanishika shati: hayo ni mambo ya vijidudu na udumavu, si tumbo la mpwa wako. Kweli, ni magonjwa mawili tofauti. Lakini njia ni ile ile, inayotoka utumboni kwenda kichwani. Na hapo hapo Haydom kulifuata jaribio jingine, ELICIT, lenye watoto 1,188. Waliwapa dawa za kuua vijidudu na aina ya vitamini, wakitumaini watarefuka zaidi. Majibu yalichapishwa mwaka 2021: hawakurefuka zaidi ya wenzao. Nawaheshimu sana watu waliochapisha jibu hilo bila kulipamba. Limetuambia kwamba kuna mambo ya tumbo la mtoto ambayo kidonge peke yake hakiyafikii.

Sasa turudi kwenye daftari la dada.

Baada ya mwezi alilipeleka. Tabibu akalifungua mezani, akawaita mwalimu wa darasa na afisa ustawi wa jamii, na bibi akakaribishwa kiti. Siku 30, maumivu siku 17. Kati ya hizo 17, nyingi ni siku za shule, na zote za wingu zimo. Hayo tuliyajua. Tusilolijua lilikuwa kwenye safu ya choo. Siku nne hajaenda. Siku tatu hajaenda. Siku tano. Tabibu akamgeukia mtoto, si mama yake, akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini haendi. Mtoto akatazama sakafu.

“Chini kuna tope,” akasema.

Hakuna aliyeongea. Miezi sita tulikuwa tumempa dawa ya minyoo, mizizi, dawa za taifodi na kejeli, na kumbe mtoto alikuwa anaogopa shimo la choo. Alikuwa ameona tope likimeza nyumba. Kila alipochungulia kwenye tundu aliliona linamsubiri, na siku ya wingu aliamini linapanda. Basi akawa anabana. Choo kikawa kigumu, tumbo likavimba, hofu ikaongeza sauti ya redio. Tumbo lake halikuwa la uongo hata siku moja. Lilikuwa linasema kweli kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwa amekaa chini kuisikiliza.

Tiba yake haikuwa ya ajabu. Dawa ya kulainisha choo kwa wiki kadhaa. Maji, papai, maharage, mboga. Kila asubuhi baada ya uji anakaa kwenye poti dakika kumi, miguu juu ya tofali, bila kuharakishwa. Afisa ustawi wa jamii alimpa makaratasi achore lile tope, akachora mara nyingi, mpaka siku moja akachora na nyumba mpya juu yake. Mwalimu alimpeleka choo cha shule mchana kweupe, wakarusha kokoto wakasikia inatua wapi, wakahesabu pamoja. Bibi aliacha mizizi, akachukua kazi ya hadithi za usiku. Na makubaliano yakawa haya: tumbo likiuma, shule anakwenda nalo, mwalimu atampa nafasi ya kupumua kwanza.

Mwezi wa nne wa daftari, maumivu yalikuwa siku sita. Hayajaisha. Siwezi kukudanganya kwamba yameisha, na mlima bado uko pale pale.

Nilimwomba radhi, mjomba mzima mbele ya mtoto. Akaniuliza kama mimi nilikuwa naogopa shimo pia. Nikamwambia, hapana, mimi niliogopa hesabu za kichwa. Alicheka sana, maana yeye hesabu anazipenda.

Nawe kijana mwenzangu unayetafuta jambo la kuandika, huenda unangoja vita au mapinduzi. Ukipenda, anza na mtoto wa jirani anayeambiwa anadeka. Mwulize tangu lini, na siku hiyo kulitokea nini, kisha uandike anachokujibu, hata kama ni neno moja.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, dada hakuwa anaandika tena. Mtoto yuko darasa la pili, daftari amelichukua yeye. Ukurasa wa mwisho niliousoma una mwandiko wake mkubwa unaopanda na kushuka: “Leo wingu. Tumbo kidogo. Nimeenda shule.”